Mjerumani, Mbelgiji na Mlinzi wa Getini

Swali huja kwa simu, mara nyingi Jumapili jioni, baba mwenye nyumba akiwa ametulia anaangalia video za mbwa wanaoparamia kuta. "Shikamoo mama. Nataka mbwa wa nyumbani. Nichukue German Shepherd au Malinois?" Naitikia marahaba, kisha nauliza mimi: hapo kwako, nani atamtoa huyo mbwa saa kumi na moja alfajiri? Upande wa pili panakuwa kimya kidogo. Halafu linakuja jibu nililolizoea: "Aah, si kuna kijana hapa."

Basi tuanze na huyo kijana, maana ndiye atakayeishi na mbwa. Kazi yangu ni kufunza mbwa wa majumbani hapa Arusha, kuanzia Sakina na Njiro mpaka Tengeru na Usa River. Kabla ya hapo nilikuwa kampuni ya ulinzi, kitengo cha mbwa, mwanamke peke yangu kati ya wanaume waliodhani nimeletwa kupika chakula cha mbwa. Nilikipika pia. Vitabu vya mbwa nilivyosoma vimeandikwa kwa ajili ya mtu anayemnunua mbwa mwenyewe, anamlisha mwenyewe, anamtembeza mwenyewe, na jioni anakaa naye sebuleni. Kwetu kazi hizo zimegawanyika. Mwenye nyumba anachagua na kulipa. Anayeshinda na mbwa ni mlinzi, kijana wa bustani au dada wa kazi, ambaye hakuulizwa neno na pengine anaogopa mbwa tangu utotoni. Ukiliona hilo, swali zima linabadilika. Kati ya mbegu hizi mbili, moja inaweza kuishi na watu ambao hawakuichagua. Nyingine, mpangilio huo huiharibu.

Nitawaita Mjerumani na Mbelgiji, tusichoshane na majina.

Kwa mbali wanafanana, na wauzaji wanalijua hilo vizuri. Wote masikio wima, wote kahawia na weusi, wote wana ule uso wa kuuliza "umekuja kufanya nini?" Mjerumani dume husimama kimo cha sentimita 60 hadi 65 begani na uzito wa kilo 30 hadi 40. Mbelgiji dume kimo ni kilekile, lakini kilo zake ni 25 hadi 30. Wasimamishe pamoja utaona tofauti: Mjerumani amejaa, manyoya yamemvaa shingoni, mkia mzito, na mara nyingi mgongo unateremka kuelekea nyuma. Mbelgiji ni mkavu, manyoya mafupi, umbo la mraba, miguu imekaa sawasawa chini ya mwili kama meza. Uso wake huwa na weusi kama barakoa. Mwendo nao unawatenga. Mjerumani akitaka kukufikia anakuja. Mbelgiji hutambui ameondoka saa ngapi, ameshafika.

Asili yao ni kazi moja, kuchunga kondoo, na walianza kupangwa rasmi kama mbegu katika muda usiozidi miaka kumi. Ubelgiji walitangulia. Mwaka 1891 Profesa Adolphe Reul, wa chuo cha tiba ya mifugo cha Cureghem huko Brussels, aliita mbwa wa wachungaji waletwe wakaguliwe, wakaletwa 117. Waligawanywa kwa manyoya yao, na wale wa manyoya mafupi ya kahawia waliokuwa wengi pande za mji wa Malines wakabeba jina la mji. Ujerumani lilikuwa jambo la mtu mmoja. Mwaka 1899 ofisa wa kikosi cha farasi, Max von Stephanitz, aliona mbwa kwenye maonyesho ya Karlsruhe, akamnunua palepale, akambadilisha jina akamwita Horand von Grafrath, akaanzisha chama, na Horand akawa wa kwanza kuandikwa kitabuni. Von Stephanitz hakujali sana urembo. Alitaka mbwa mwenye akili na nguvu za kazi. Makundi ya kondoo yalipopungua, akawashawishi polisi na jeshi wamchukue mbwa wake.

Kilichofuata ndicho kinachotuhusu. Mjerumani alienea dunia nzima akawa mbwa wa kila mtu. Ameongoza vipofu, amelinda maghala, amelala kwenye milango ya watoto. Kwa zaidi ya miaka mia moja amezalishwa na watu wa kila aina, wenye busara na wasio nayo, na hilo limemharibu mahali fulani, nitakuja huko, lakini pia limemlainisha. Mbelgiji alibaki mikononi mwa watu wachache wa kazi: polisi, wanajeshi, na wale jamaa wa Ubelgiji na Uholanzi wenye mashindano ya mbwa ya kung'ata, kunusa na kuruka viunzi. Hao walipozalisha, walimchagua mbwa asiyechoka, asiyekata tamaa, asiyeweza kuona kitu kinakimbia akakaa. Huyo ndiye unayetaka kumfungia kwenye banda la nyuma karibu na tangi la maji.

Umaarufu wake wa sasa umetoka kwenye habari na sinema. Mwaka 2011 makomandoo wa Marekani walipoingia nyumba ya Osama bin Laden kule Abbottabad walikuwa na Malinois anaitwa Cairo. Mwaka 2019 filamu ya tatu ya John Wick ikawaonyesha wakipanda mwili wa mtu kama ngazi, na simu zangu zikabadilika. Hata hapa jirani yetu wapo. African Wildlife Foundation walianza mwaka 2014 mpango wao wa mbwa wa kunusa pembe za ndovu na nyara nyingine, na kituo chao cha mafunzo kiko Usa River. Vijana wakisikia hivyo wanasema, si unaona, anafaa Tanzania. Anafaa, ndiyo. Lakini mbwa wa pale ana mtu anayelipwa mshahara kwa ajili yake, anamlisha, anamtembeza, anamfanyisha kazi kila siku, na akitoka kazini mbwa anapumzika kwa ratiba. Wewe kijana wako anafagia, anamwagilia, anafungua geti, anaosha gari, halafu na mbwa.

Niliwahi kuitwa nyumba moja ya Njiro. Nyumba nzuri, ukuta mrefu, waya wa umeme juu. Mbelgiji dume alikuwa na mwaka na miezi kadhaa, yumo kwenye banda la nondo, sakafu ya saruji. Anazunguka. Daima upande mmoja, upande wa kushoto, akifika kwenye kona anagusa ukuta kwa mguu wa nyuma, anageuka, anaendelea. Pale alipokuwa anapita saruji ilikuwa imeng'aa, mduara kamili, ungedhani fundi ameupiga msasa. Nondo za mlango zilikuwa na alama za meno, na meno ya mbele ya mbwa yalikuwa yameisha nusu. Dada alileta chakula akiwa ameshika ufagio kwa mkono wa pili. Aliusukuma mlango kidogo, akatelezesha sufuria kwa fimbo ya ufagio, akafunga. Hakuna aliyekuwa amemfundisha hivyo. Alijitungia mwenyewe, na kusema kweli ulikuwa utaratibu wa busara.

Nikauliza usiku inakuwaje. Mama mwenye nyumba akaniambia mbwa anafunguliwa saa tatu, kwa kamba ndefu iliyofungwa kwenye komeo, mtu akiwa amesimama ndani ya jiko. Na mlinzi je? Mlinzi saa tatu kasoro anaingia kwenye kibanda chake, anajifungia mpaka saa kumi na mbili asubuhi, akitaka kujisaidia ana chupa. Yaani mlinzi kafungwa, mbwa anarandaranda, na wote wanalipiwa. Kampuni iliyowaletea walinzi ilikuwa inawabadilisha kila baada ya wiki chache, kwa hiyo kila mara sura mpya, harufu mpya, na mbwa kila mara alianza upya kumhesabu mlinzi kuwa ndiye mwizi.

Yule mbwa hakuwa mkali kwa asili. Nilipomtoa kwa kamba nje ya ukuta, mbali na lile banda, alinusa majani muda mrefu, akanikalia mguuni. Alikuwa hana kazi, basi. Alihamia kwa jamaa mmoja wa Ngaramtoni ambaye hukimbia kila alfajiri kwenye barabara za vumbi na hana mlinzi wala dada. Mpaka leo wanakimbia wote. Banda la Njiro likawekwa kuku.

Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza haina uhusiano na ukubwa wa uwanja. Watu hunitajia uwanja kana kwamba mbwa akipewa nusu ekari atajitembeza mwenyewe. Hajitembezi. Mbwa wa aina hii akiachwa peke yake kwenye nusu ekari hukimbia ukutani na kurudi, akibwekea pikipiki. Ninachoangalia ni kama walinzi wako ni wa kampuni, wanabadilishwa, au una mlinzi wako wa miaka anayejulikana. Kama wanabadilishwa, Mbelgiji mwondoe kwenye mawazo. Mjerumani aliyelelewa vizuri anaweza kujifunza kwamba mtu mwenye sare aliyetambulishwa getini na mama ni wa humu; ataguna siku ya kwanza, siku ya pili atamfuata kwenye doria. Mbelgiji hujishikiza kwa mtu mmoja au wawili. Hao wakiwa safarini Dodoma, nyumba haina mbwa, ina tatizo.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likiandikwa mahali. Nyumba nyingi za Waislamu, hapa kwetu na zaidi Tanga na Dar es Salaam, hufuga mbwa wa ulinzi, na kumfuga kwa ulinzi kuna ruhusa yake. Shida ni mate. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa pwani yetu, chombo alicholamba mbwa huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Sasa fikiria dada anayeswali, ameshatia udhu, anavuka uwanja kuanua nguo, na mbwa ambaye salamu yake ni kukurukia kifuani na kukulamba mkono. Mbelgiji huzungumza kwa mwili: anagonga, anaegemea, anadaka mkono wako kwa meno bila kuumiza. Kumkataza inawezekana, ila ni kazi ya kila siku ya mtu anayejua. Mjerumani unaweza kumfundisha mpaka. Nimechora mstari kwa chokaa kwenye nyumba kadhaa, kutoka kona ya jiko hadi tangi la maji, upande wa huku wa watu, upande wa kule wa mbwa, na baada ya wiki chache mstari ukafutika kwa mvua na mbwa hakuvuka. Familia ya namna hiyo nikiisikia inataka Mbelgiji, naikatalia waziwazi.

Msidhani nasema Mjerumani ni malaika. Ananyonyoka manyoya mwaka mzima, na mara mbili kwa mwaka ananyonyoka kama anayehama ngozi. Anabweka. Akiwa na watoto wadogo wanaokimbia anarudi kwenye uchungaji wake wa kondoo, anawazunguka na kuwabana visigino, na wazazi wanadhani anauma. Mbegu yake imechafuliwa pia na wanaofuga kwa ajili ya sura: wale wenye mgongo ulioteremka sana, nyuma wanatembea kama wanachuchumaa, wakate kabisa kwenye orodha yako. Nyonga ndiyo kasoro yake ya kurithi inayojulikana zaidi. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai vizuri kwenye kikombe chake, mbwa anaanza kuinuka kwa shida, anakataa kupanda ngazi, na ukichelewa anakaa na maumivu hadi mwisho. Wafugaji makini wa Ulaya huwapiga picha ya eksirei wazazi kabla ya kuwazalisha. Hapa kwetu utampata mfugaji mmojammoja mwenye karatasi hiyo. Akiwa nayo, mlipe anachotaka. Upo pia ugonjwa wa uti wa mgongo unaowapata uzeeni, miguu ya nyuma inakufa polepole bila maumivu. Kwa wastani Mjerumani huishi miaka 9 hadi 13. Mbelgiji, aliyebaki kwa watu wa kazi, ana nyonga nzuri zaidi kwa jumla na hufika 12 au 14 bila taabu. Miaka 14 ni mingi ikiwa ulimnunua kwa sababu ya filamu.

Kupe ni wa wote wawili. Arusha wakati wa mvua za masika kupe wanapanda majani usiku mmoja, na homa ya kupe inaua mbwa wa kigeni haraka kuliko koko wetu, ambaye mababu zake wamezoea. Angalia fizi: zikiwa nyeupe, au mbwa akitokwa damu puani, usimpeleke kesho, mpeleke sasa. Kwa Mjerumani kupe wanajificha kwenye manyoya ya shingoni na kati ya vidole, kwa hiyo anayemhudumia lazima awe mtu anayethubutu kumshika mdomo, masikio na nyayo kila jioni. Umeona tunarudi palepale kwa kijana. Na wale wanaoishi kando ya hifadhi, kwenye mbung'o, wajue kwamba nagana inawaua mbwa wa mbegu bila huruma. Huko mjadala wa Mjerumani na Mbelgiji usianze kabla hujaongea na daktari wa mifugo wa eneo hilo.

Joto linawasumbua wote, maana wote wana manyoya ya ndani ya kuzuia baridi. Arusha, mita zaidi ya 1,300 juu ya usawa wa bahari, Julai Mjerumani anafurahi kuliko sisi. Dar es Salaam Februari anahema tangu saa tatu asubuhi. Mbelgiji, kwa wembamba wake na manyoya mafupi, anastahimili Dar kidogo zaidi, lakini ana ubaya mmoja: hajui kusimama. Mjerumani akisikia joto analala kivulini anakuangalia. Mbelgiji ukiendelea kumrushia mpira saa saba mchana ataendelea kuufuata mpaka aanguke, na kijana wa miaka kumi na sita anayefurahia mchezo hatajua kwamba ulimi uliopanuka na kugeuka zambarau ni hatari. Tembeza alfajiri na baada ya jua kuzama. Maji yawepo ndoo mbili, siyo kopo.

Chakula niseme kwa sababu ndipo fedha inapoishia. Mbwa wengi wa mji huu hula ugali wa dona na dagaa au mapupu, na kwa koko aliyezoea inatosha. Mbwa wa kilo 35 anayefanya kazi anahitaji nyama na mafuta zaidi, ugali uwe kijazio. Mapupu na maini yachemshwe mpaka yaive kabisa. Mbwa anayekula viungo vibichi vya kondoo na ng'ombe vyenye malengelenge huchukua tegu ambaye mayai yake, yakiingia kwa mtoto wako, yanajenga uvimbe kwenye ini. Vitunguu visiingie kwenye sufuria. Mifupa iliyopikwa isitupwe bandani. Na Mjerumani hasa, mwenye kifua kirefu, asipewe sufuria moja kubwa usiku akafunguliwa papo hapo akimbie: tumbo linajaa hewa na kujipinda, mbwa anataka kutapika hatoi kitu, na kwa saa chache amekwisha. Gawa mara mbili, mpumzishe kabla ya kumfungua. Kubadilisha saa ya kula hakugharimu hata shilingi, na bado ndilo jambo ninalobishiwa zaidi, eti mbwa akishiba atalala asilinde.

Mengine ninayobishiwa sitayamaliza. Pilipili kwenye chakula ili awe mkali, kumfungia gizani, kumwacha apigwe na mtu asiyemjua ili achukie wageni. Mtu akifanya hivyo kwa Mjerumani atapata mbwa mwoga anayeng'ata kwa nyuma. Kwa Mbelgiji atapata kesi hospitali. Mbwa wa ulinzi ni yule anayemjua vizuri wa nyumbani. Huyo ndiye anayeshtuka akiona asiye wa nyumbani.

Sasa, kazi. Mjerumani mzima anaridhika na mwendo wa saa moja hadi saa moja na nusu kwa siku, ukiugawa, pamoja na mafunzo mafupi. Mbelgiji utampa saa mbili na atakuuliza kinachofuata, kwa sababu anachotaka hasa ni kichwa kufanya kazi. Kwa wote wawili nawafundisha vijana wa nyumbani mchezo mmoja ambao hauhitaji vifaa. Chukua kopo la maziwa tupu, litoboe, weka dagaa kiganja. Mbwa akae, aone. Mara ya kwanza liweke hatua tatu mbele yake, mwachie aende, akifika mpe dagaa wawili kutoka mkononi mwako, siyo kutoka kopo. Halafu lifiche nyuma ya mgomba wa kwanza. Halafu wa tatu. Halafu juu, katikati ya majani ya mgomba, maana harufu ikiwa juu mbwa lazima anyanyue pua na kuusoma upepo, na hapo utaona mkia unabadilika: unasimama, unatetemeka ncha tu, mdomo unafungwa ili pua ifanye kazi peke yake. Robo saa ya hivyo kwenye migomba humlaza mbwa kuliko kukimbizana naye saa nzima. Na kijana aliyeanza kwa kushika kamba kwa ncha za vidole, akiona mbwa anamtafutia kitu na kumletea taarifa, woga wake unapungua kwa kiasi ambacho maneno yangu yasingeweza.

Hapo ndipo huwa naamua. Nikiona kijana mwenyewe anaomba tufiche tena, anacheka, anaongea na mbwa, na ana muda wa kweli asubuhi na jioni ulioandikwa kwenye kazi zake, hata Mbelgiji naweza kukubali, kwa sharti kwamba mwenye nyumba naye ashike kamba angalau mwisho wa wiki. Nyumba kama hizo ninazozijua ni chache sana, na nyingi ni za watu wenye mashamba au wanaokimbia. Zilizobaki, Mjerumani. Na nyumba ambayo hakuna anayemtaka mbwa isipokuwa anayelipa, ifuge koko mzuri aliyechanjwa, anabweka vizuri kabisa, au iongeze taa.

Ukinunua, usinunue picha. Nenda umwone mama wa watoto, na ukizuiwa kumwona ondoka. Mama akiwa anajificha au anavamia wavu, watoto wake watafuata. Mtoto asitoke kwa mama kabla ya wiki nane. Chanjo ya parvo na distempa huanza kwenye wiki ya sita hadi ya nane na hurudiwa kila wiki tatu au nne mpaka wiki ya kumi na sita. Muuzaji akikuambia "ameshachanjwa zote" na mtoto ana wiki tisa, amekudanganya. Kichaa cha mbwa huchanjwa akifika miezi mitatu, kisha unarudia kama daktari atakavyokupangia. Kati ya jike na dume, kwa nyumba ya mara ya kwanza nashauri jike wa Mjerumani: mwepesi, kilo 22 hadi 32, hupevuka mapema. Kama hutaki kuzalisha, mfunge kizazi, la sivyo kila koko wa kata atalala ukutani kwako.

Na siku ya kwenda kuchagua, nenda na yule atakayemtunza. Familia moja ya Kisongo ilinisikiliza kwa hili, wakaenda na mlinzi wao, mzee wa Kimasai aliyekuwa nao tangu nyumba haijaezekwa. Watoto wa nyumba walikimbilia dume mkubwa aliyekuwa anavuta kamba za viatu. Mzee alichuchumaa pembeni, akaweka fimbo yake chini, akasubiri. Dume alikuja, akang'ata fimbo, akaondoka nayo. Jike mmoja alikuja akanusa fimbo, akamnusa mzee mkono, akalala kwenye viatu vyake vya matairi. "Huyu anauliza kwanza," mzee akasema, na baba akalipa. Sasa ni mbwa mzima, anafanya doria na mzee usiku kucha, na mchana analala chini ya mparachichi. Mama mwenye nyumba hunipigia kulalamika kwamba anafukua mchicha. Nimemwambia azungushie wavu.